Ukanda wa Hatua Moja

Shangazi yake alikuwa akisema huyu mtoto alizaliwa bila makalio. Alikula amesimama, alisoma barua amesimama, na hata homa ilipomlaza alikuwa akiinuka kila mara kwenda dirishani kuangalia kitu ambacho hakikuwapo. Mwaka wa kisa hiki alikuwa na miaka thelathini na minne. Simu za ofisini zilikuwa bado za kuzungusha kwa mkono, ripoti zilipigwa kwa taipureta, na wachimbaji wake kumi na wawili walimwita Mwiko, kwa sababu ya mwiko wa baba yake aliouchomeka kiunoni hata akienda harusini.

Baba yake alikuwa mwashi. Alipofariki hakuacha nyumba. Aliacha vifaa vya kujengea nyumba za wengine. Palikuwa na mwiko uliolika upande mmoja, pimamaji, na mpira mrefu wenye kipande cha kioo kila mwisho. Mpira huo hujazwa maji. Fundi mmoja hushika ncha hii na mwenzake ncha ile, na pale maji yanapotulia ndipo usawa ulipo, hata kama katikati yenu kuna ukuta au kichaka. Binti alishika ncha ya pili ya mpira ule tangu akiwa na miaka minane.

Kilimani alifika akiuza mayai ya kuchemsha. Wataalamu wa mambo ya kale walikuwa wamepiga kambi pale, wakitafuta mji uliokufa karne nyingi nyuma. Siku ya tatu, akisubiri watu wamalize kula, alimwambia mkubwa wao, "Mzee, hicho unachobomoa si kifusi. Ni msingi. Mawe ya kifusi hayalali ubavu hivyo." Wakamcheka hadi wakashika mbavu. Siku mbili baadaye ukuta ukatokea, umenyooka kama rula, na yule mkubwa akamwita na kumuuliza anataka kazi gani. Wengine hapo wangejibu "yoyote". Yeye akasema, "Ya kuchekecha udongo. Na nikimaliza mwezi bila kupoteza kigae hata kimoja, brashi."

Alipopata brashi akataka penseli ya kuchorea. Alipopata penseli akataka daftari lenye jina lake. Akasoma kwa posta, akafanya mtihani, akapata cheti ambacho wenye digrii walikitazama kwa jicho la pembeni. Ilimchukua miaka kumi na mitano, na hakuna ngazi aliyopewa bila kubishana. Lakini mwishowe akashika kibali cha serikali cha kuchimba nusu ya magharibi ya kilima kilekile alichouzia mayai.

Nusu ya mashariki ilikuwa ya Daktari.

Huyu alikuwa kapera wa miaka arobaini, mrefu, miwani ikimteleza puani, amerudi kutoka masomoni ng'ambo na sanduku zima la vitabu. Hakuweza kukanyaga mahali bila kutandaza kamba za vipimo, huku na huku, mpaka upande wake wa kilima ukafanana na kitanda kisicho na godoro. Wachimbaji walimwita Kamba akigeuka, na Daktari akiwatazama.

Kati ya nusu hizo mbili palikuwa na ukanda wa udongo wenye upana wa hatua moja, ambao kwa masharti ya vibali haukuruhusiwa kuguswa mpaka wote wawili watie sahihi. Ulisimama kama ukuta mnene katikati ya mashimo, umeficha ndani yake namna tabaka za upande huu zilivyokutana na tabaka za upande ule. Misimu miwili ilikuwa imepita na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuomba sahihi ya mwenzake.

Ugomvi wao ulikuwa wa swali moja: nini kiliua mji? Mwiko alikuwa amekuta majivu, tabaka nene la majivu na mkaa juu ya sakafu za nyumba. Mji uliungua, alisema, watu wakakimbia. Kamba alikuwa amekuta kisima, na ndani na kando ya kisima tope lililokauka na kupasuka. Maji yaliisha, alisema, watu wakahama mmoja mmoja, na huo moto uliunguza magofu tu. Waliyaandika haya kwenye jarida la ofisi ya mambo ya kale. Daktari aliandika kwamba mwenzetu amesoma majivu kwa hisia. Mwiko akajibu kwamba mwenzetu amesoma kisima kwa vitabu. Mhariri, ambaye hakuwa mjinga, akachapa zote mbili kurasa zinazotazamana, na toleo lile likaisha siku ya pili.

Hata hivyo mvua haikujua mpaka. Kila iliponyesha ilisomba vigae vya upande mmoja na kuviangusha upande wa pili, na utaratibu ulitaka kila kigae kirudi kwao. Kwa hiyo, saa kumi alasiri baada ya mvua, wawili hao walisimama kila mtu na sinia lake, ukanda katikati, wakirudishiana vipande vya vyungu.

"Fundi, hiki ni changu," alianza Daktari.

"Chako kwa lipi? Kina jina lako?"

"Tazama udongo uliokigandia. Mwekundu. Kwako hakuna udongo mwekundu."

"Hakuna? Njoo uone kona yangu ya kaskazini, ni nyekundu kuliko hayo macho yako ya kukesha na vitabu."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akairudisha puani. "Basi nipe hicho cha mdomo wa chungu, nikupe viwili vya tumbo."

"Vitatu."

"Vitatu? Kwa mdomo uliovunjika hivyo?"

"Mdomo ndio unaosema chungu kilikuwa cha nini. Tumbo linasema nini? Matumbo yote ni yaleyale. Huko ng'ambo hawakukufundisha?"

"Huko nilifundishwa akiolojia. Uchuuzi nafundishwa hapa."

"Na karo hulipi."

Mnyapara wa Mwiko, mzee wa makamo aliyeanza kazi kilimani kabla yao wote, alikuwa akiketi juu ya toroli na kuwatazama. Alikuwa ameona jambo. Msimu wa kwanza kurudishiana vigae kulichukua muda wa kuvuta sigara moja. Sasa sigara tatu zilikwisha. "Vigae ni vilevile saba," aliwaambia wenzake. "Sijui maneno yameongezeka kutoka wapi." Wala hakukosa kuona kwamba Mwiko alikuwa ameanza kuviosha vigae vya jirani kabla ya kuvirudisha. Mwenyewe alijiambia ni usafi wa kazi.

Ndipo ikaja barua. Ofisi ilisema kuanzia msimu ujao kilima kingekuwa na kibali kimoja na jina moja. Mkaguzi angefika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, angelinganisha vipimo vya pande zote mbili, na ambaye madai yake yangesimama ndiye angebaki. Mwingine angekusanya vyombo vyake.

Kwa Daktari kushindwa kulikuwa aibu. Angerudi chuoni kufundisha. Kwa Mwiko hakukuwa na chuo cha kurudia. Cheti chake cha posta kilikuwa kinatambulika kwa sababu kilikuwa na kilima nyuma yake. Kilima kikiondoka, kilichobaki kilikuwa karatasi, na mayai.

Na vipimo havikuwa upande wake. Kila kina kilimani kilipimwa kutoka kigingi kimoja, kigingi cha mbao chenye mstari wa chokaa, kilichopigwa mwanzoni mwa msimu karibu na ukanda. Tope la Daktari lilisoma inchi arobaini na tano chini ya kigingi. Majivu ya Mwiko yalisoma arobaini na tatu. Kilicho chini ndicho kilichotangulia. Kwa hesabu hiyo kisima kilikauka kwanza, na moto wa Mwiko ulikuwa umefika kwenye mji mtupu kama mgeni aliyechelewa.

Alipima upya mara tano, na mpira wake wa maji ukampa arobaini na tatu mara tano.

"Tupa huo mpira," Daktari alimwambia kutoka ng'ambo ya ukanda, bila ubaya. "Nitakuazima darubini yangu ya kupimia."

"Darubini yako ina kioo kimoja. Wangu una viwili."

Wachimbaji walicheka. Yeye hakucheka. Usiku na mchana roho yake ilikuwa juu juu.

Nyumbani, kwenye vyumba viwili walivyopanga yeye na shangazi yake, alizunguka meza na kikombe cha chai mkononi. Shangazi alikuwa akishona kifungo.

"Kaa, mwanangu. Unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa sana leo."

"Umekaa wapi? Viatu vyako vimekwisha soli." Shangazi akakata uzi kwa meno. "Na huyo mwenye miwani, yeye anasemaje?"

"Anasema nitupe mpira wa baba."

"Akasema kwa ukali?"

"Alisema tu."

"Mtu anayekushinda halafu anakuazima chombo chake, huyo ana lake jambo. Mimi niliposwa na mtu aliyeniazima mwavuli."

"Shangazi, mimi nazungumzia inchi mbili."

"Na mimi pia," alisema shangazi. "Mwavuli ule ulikuwa mdogo."

Alhamisi, siku mbili kabla ya mkaguzi, Mwiko alishindwa kukaa shimoni. Alizunguka kilima asubuhi nzima, akikagua vitu alivyokwisha kukagua: chekecheo, mifuko, lebo, vigingi vya pembeni. Alipofika kwenye kigingi kikuu aliona udongo umerundikwa kukizunguka kama mtu aliyefunikwa blanketi mpaka shingoni. Akausukuma kwa mguu. Mstari wa chokaa ulipakwa mahali kigingi kilipoingia ardhini. Sasa ulikuwa juu ya ardhi, hewani, upana wa vidole vyake vinne.

Alisimama pale mpaka mnyapara akaja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama, nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini?"

"Kila siku."

Wiki tatu nyuma, toroli lao lililojaa udongo lilimponyoka mchimbaji mteremkoni, likagonga kigingi na kuking'oa. Walikirudisha na kukigongomea, lakini jiwe lilikuwa limeangukia ndani ya tundu lake. Hakikuzama kama zamani. Wakaona ni kitu kidogo. Wakarundika udongo kikae imara, wakafunga midomo.

Mwiko alielewa yote palepale. Yeye mwenyewe hakuathirika, kwa sababu siku ya kwanza ya msimu alihamisha usawa wa kigingi kwa mpira wake mpaka kwenye jiwe kubwa lisilosogea, akalichonga alama. Baba yake hakuwahi kuamini mbao. Lakini Daktari alisimika darubini yake kila asubuhi kwa kukitazama kigingi chenyewe. Kigingi kilikuwa juu kuliko kinavyopaswa kwa inchi tatu, kwa hiyo kila alichopima kwa wiki tatu kilionekana kimezama inchi tatu kuliko ukweli. Tope lake halikuwa arobaini na tano. Lilikuwa arobaini na mbili. Majivu yalikuwa chini yake. Moto ulitangulia.

Alikuwa ameshinda.

"Mama, tukirudishe chini sasa hivi," mnyapara alinong'ona. "Au tukiache, Jumamosi umuoneshe mkaguzi mbele ya Daktari. Ataumbuka."

"Usikiguse."

Hesabu yake ilikuwa ya mtu aliyezoea soko. Akinyamaza mpaka Jumamosi, angemvua Daktari nguo mbele ya ofisi nzima na kibali kingekuwa chake. Lakini toroli lilikuwa lake, watu walikuwa wake, na mtu yeyote mwenye akili angeuliza alijuaje. Wangesema alikitoa mwenyewe. Na halafu kulikuwa na zile namba. Wiki tatu za namba mbovu zingechapwa kwenye ripoti ya mtu makini, na namba ikishachapwa haitoki hata ukiifuta kwa ulimi. Alijiambia hizo ndizo sababu zake, na zilitosha. Akavuka ukanda.

Daktari alikuwa ndani ya banda lake la mabati, mikono imejaa wino. Hakuna aliyekuwa amevuka ule ukanda kwa misimu miwili. Daktari alisimama ghafla, akagonga taa iliyoning'inia.

Mwiko akamweleza kila kitu, toroli, jiwe, udongo uliorundikwa, bila kupamba na bila kupunguza. Daktari alitoka, akapiga magoti kwenye kigingi, akakitazama muda mrefu. Akarudi, akafungua daftari, akaanza kukata namba moja baada ya nyingine kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Arobaini na mbili," alisema mwishowe. "Majivu yako yako chini. Umenishinda, Fundi."

"Nimeona."

"Ungeweza kunyamaza."

"Toroli langu. Wangesema nimekitoa mimi."

"Ni hilo tu?"

"Hilo halitoshi?"

Alikuwa amekwisha kusema alichojia. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Lakini miguu ilimpeleka kutoka meza hadi dirisha, kutoka dirisha hadi rafu ya vitabu, na Daktari alimfuata kwa macho kama mtu anayetazama mchezo wa mpira.

"Kuna nini tena?"

"Inchi moja," alisema Mwiko. "Majivu arobaini na tatu, tope arobaini na mbili. Nimekushinda kwa inchi moja. Baba yangu hakuwahi kujenga hata banda la kuku kwa kutegemea inchi moja."

"Mkaguzi atatosheka nayo."

"Mkaguzi hachimbi. Tufungue ukanda."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ushindi uko mkononi mwako, unataka kuutupa mezani?"

"Nataka kuuona kwa macho. Sikiliza masharti. Nikishinda, unaandika kwenye jarida kwamba ulikosea, na kichwa cha habari nachagua mimi. Ukishinda wewe, mimi ndiye nitakayemwambia mkaguzi, kwa mdomo wangu. Wewe utanyamaza. Sitaki mtu aniombee huruma."

"Kichwa cha habari tuchague pamoja."

"Nachagua mimi."

Daktari akachomoa karatasi, akaandika mistari miwili, akatia sahihi. Alikuwa wa kwanza. Kisha akamgeuzia karatasi na kumpa kalamu, upande wa kushikia ukitangulia.

Ijumaa walichimba wenyewe. Wachimbaji walikaa pembeni, pande mbili, kama watu wa bwana harusi na watu wa bibi harusi. Yeye alikwangua kwa mwiko wa baba yake kutoka magharibi, Daktari kwa brashi na kisu kutoka mashariki, hatua moja ya udongo ikipungua kati yao mpaka wakawa wanasikiana pumzi. Mara moja vichwa viligongana. Hakuna aliyeomba radhi. Saa nane walikuwa wameshuka hadi penyewe. Wakasafisha ukuta wa udongo, wakaumwagia maji kidogo rangi zitoke, wakarudi nyuma kutazama.

Majivu yalianzia upande wake, chini, arobaini na tatu kamili. Halafu yalipanda. Polepole, kama zulia linalopandishwa ngazi, yalifuata sakafu ya ua wa kale iliyokuwa imeinama ili maji ya mvua yatiririke mbali na kisima. Yakafika ukingoni mwa kisima. Na pale yalipokutana na tope la Daktari, hayakupita chini yake. Yalilala juu yake, meusi juu ya kijivu, wazi kama mstari wa kalamu.

Sakafu iliinama. Binti wa mwashi, ambaye alikuwa akishika mpira wakati baba yake anainamisha nyua za watu ili mvua isiingie ndani, alikuwa amelinganisha vina vya sehemu mbili kana kwamba mji ulijengwa juu ya meza. Na mwenye vitabu vyake alikuwa amefanya vilevile. Wote wawili waligombania inchi kwa wiki kadhaa, na inchi hazikuwa na kauli yoyote.

Daktari alianza kufuta kisu chake. Ukimya wake ulimuuma kuliko kicheko.

"Sema," alisema Mwiko.

"Sisemi. Tumekubaliana."

"Nakwambia sema!"

"Majivu yako yako juu ya tope langu."

"Asante."

Akaufuta mwiko kwa ncha ya kanga, akauchomeka kiunoni, akatoka shimoni.

Mkaguzi alikuja kesho yake na faili nene na viatu vilivyosuguliwa, akachukia vumbi tangu alipoteremka garini. "Sikuja kusikia hadithi," alitangaza. "Nimekuja kuandika jina moja."

"Andika la Daktari," alisema Mwiko. Akampeleka mpaka ukandani, akamwonesha mstari kwa kidole, akaeleza kigingi, toroli na sakafu. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza madai yake mwenyewe. Mkaguzi aliandika. Daktari alisimama kando amekunja mikono, taya zikimcheza, lakini alitimiza ahadi, hakufungua mdomo. Kabla ya adhuhuri Mwiko alikuwa amefunga daftari zake kwa kamba moja ya upande wa mashariki aliyoiokota njiani.

Wiki tatu alikaa nyumbani, kama kukaa ndiko kule. Alipaka chokaa vyumba vyote viwili, akapaka na choo cha jirani. Alipanga upya makabati ya shangazi mpaka shangazi akawa hapati chumvi. Alikwenda sokoni akauliza bei ya mayai kwa trei, akarudi hakununua.

Jumapili moja hodi ikapigwa. Daktari alisimama mlangoni, amevaa koti, jasho likimtoka.

"Karibu, baba," shangazi aliimba, akimkagua kuanzia viatu. "Umeleta mwavuli?"

"Mwavuli, mama?"

"Muache, Shangazi. Una shida gani, Daktari?"

"Nimekuja kuazima mpira wa maji."

Mwiko aliegemea ukuta wake mpya. "Hauazimwi bila mwenye kuushika ncha."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja." Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa fomu ya kibali. Nyuma, kwa maandishi madogo, ilisema mwenye kibali aweza kuongeza jina la mke au mume kama mshirika wa kazi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Alikuwa ameisoma ofisini mara kumi, alisema, akitafuta njia nyingine, na hakuipata.

"Kwa hiyo unanioa kwa sababu ya fomu?"

"Hapana. Nakuoa kwa sababu tangu uondoke mvua imenyesha mara mbili na vigae vyako vipo kwenye sinia, na sina wa kubishana naye. Fomu ni nyongeza."

Shangazi alijifanya anatafuta chumvi.

Mwiko alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Mtu aliyemtazama angedhani anapima chumba. "Jina langu litangulie kwenye ripoti," alisema.

"Sawa."

"Nusu ya magharibi naichimba nitakavyo. Daftari langu hufungui bila kuniomba."

"Sawa. Na mimi nina moja. Usinikosoe mbele ya wachimbaji."

"Hilo sikubali."

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Basi ukinikosoa, iwe kwa sauti ya chini."

"Nitajaribu. Siahidi."

Watu wa mjini walisema mwanamke yule aliolewa na kilima, mume akapewa kama kipande cha kujazia. Maneno hayo yalimfikia, na hakuyakanusha. Mtu aliyepanda kutoka mayai hadi kibali alijua kuna biashara mbaya zaidi ya hiyo.

Msimu wa tatu wa ndoa yao, wakati wakila mkate kando ya kisima, Mwiko aliweka kipande chake chini bila kukimaliza. Alikuwa ametazama ukuta wa shimo muda mrefu. Chini ya tope, chini kabisa, mahali ambapo hawakuwahi kufika mwaka ule wa mkaguzi, palikuwa na mstari mweusi mwembamba, na kando yake kipande cha tofali jekundu.

"Majivu," alisema.

"Nyasi," alisema mume wake, akitafuna.

"Nyasi haziunguzi tofali mpaka likawe jekundu. Kulikuwa na moto mwingine, kabla ya kisima."

"Nyasi nyingi."

Mnyapara, ambaye sasa mvi zilikuwa zimemjaa, akaegemea toroli na kuwasha sigara ya kwanza. Mwiko alikuwa amekwisha kusimama, mwiko mkononi, mpira begani, akishuka shimoni bila kungoja.

"Shika ncha hiyo," alisema bila kugeuka. "Na safari hii tuangalie kwanza kama sakafu imeinama."

Daktari akameza mkate, akashika.